Nimefiwa na Mtu Nisiyemjua

Wacha niseme mwenyewe kabla Mama Mukami hajawafikia: leo nimeaibika mbele ya Wazungu watatu na akina mama wa kanisa letu hapa Runyenjes.

Mnajua napiga luti, kile kinanda cha nyuzi cha Ulaya ya kale, chenye tumbo kama nusu ya boga. (Ndiyo, ni kazi. Mamangu bado anauliza nitaandikwa lini.) Leo kundi la muziki wa kale la huko Ulaya lilikuwa linanijaribu kwa simu ya video. Nikipita, nazunguka nao mwaka mzima. Jamani, sijalala kwa furaha.

Nilichagua kanisa kwa sababu lina mwangwi mtamu. Nikakuta akina mama wanapiga deki, nikawaomba wanyamaze kidogo.

"Ni wimbo gani huo?" akauliza Mama Mukami, kiongozi wao.

"Wa maombolezo. Wa kumlilia rafiki aliyekufa."

"Uui. Pole sana, Njeru."

(Hapo ningeeleza kwamba rafiki ni wa mtunzi, si wangu. Lakini nilikuwa natafuta mtandao.)

Nikaanza. Nawaambia, leo vidole vilikubali! Sasa, wimbo huo una vituo virefu. Unainamisha kichwa, unaacha sauti ife yenyewe. Kituo cha kwanza, sawa. Cha pili, nikasikia mtu anavuta makamasi. Cha tatu, nimeinama, macho nimefunga, jasho linanitiririka mashavuni.

"Ameshindwa," Mama Mukami akasema. "Tumsaidie."

Kwetu mtu akilemewa mbele ya watu haachwi hivyo, anaimbiwa. Basi wakaniimbia, na makofi juu. Ndoo ya deki ikawa ngoma. Mmoja akanipangusa uso na leso, mwingine akanipokonya luti akaipakata. Mama Mukami akainamia simu, akatoa Kiingereza chake.

"Wageni, huyu amefiwa. Akitulia atawapigia."

Akakata.

Baadaye kidogo wale Wazungu wakanitumia ujumbe. Eti nilikuwa napiga vizuri sana, pole kwa msiba, nimalizie Jumanne. Bado nina nafasi, watu wangu!

Nikamkimbilia Mama Mukami nikamweleza ukweli: huyo rafiki simjui, alikufa zamani sana, akazikwa hukohuko Ulaya.

"Uui," akasema, "na hakuna mtu alienda kumchukua?"

Tafadhali msicheke. Kamati ya matanga imeshakaa, na mimi ndiye mwakilishi wa familia.