Samaki wa Bahari ya Kasongo

Mwaka wa 1951 Serikali tukufu ya Koloni, baada ya kufikiri sana, iliamua kwamba samaki wadogo wa matumbawe, wale wa rangi rangi wanaoishi kwenye miamba ya baharini, wahesabiwe miiba ya mgongo, watolewe katika ukoo wao wa zamani na kuingizwa katika ukoo mpya. Kila mtawala alitakiwa kujibu, kabla ya mwezi kwisha, anao wangapi katika eneo lake. Waraka ulifika mpaka Kasongo, ambako bahari huonekana kwenye ramani tu.

Bwana Administrateur, mtawala wa Kasongo, alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba mwenzake mmoja aliwahi kujibu waraka kwa neno «hakuna», akaandikiwa barua ya kuulizwa kwa nini hakuna, na nani aliyezembea. Basi akaamuru kwa busara kubwa kwamba samaki yeyote mfupi kuliko kidole asiuzwe sokoni mpaka ukoo wake ujulikane.

Kazi ya kuwaandika akapewa karani Atumani. Mkewe, Amisa, alikuwa na vikapu vitatu vya samaki wadogo wa moshi kutoka mtoni Nyangwe, na ndivyo vilivyotegemewa na nyumba nzima mwezi ule.

«Baba Hawa,» Amisa akamwambia, «ile samaki wadudu wameanza kuingia. Ukichelewa, batoto watakula makaratasi yako.»

Atumani akashika kalamu. Ofisi haikuwa na fomu za samaki, ila zile za kuandikisha wenyeji, basi akazitumia hizo hizo: jina, kabila, chifu, dini. Alijaza mia mbili kwa siku moja, maskini, mpaka vidole vikamvimba.

Bwana akazikagua. «Umejua namna gani hii ya Nyangwe iko ya baharini?»

«Iko na mistari, Bwana. Nilifuata namna ya serikali ya kuandika watu. Babu yangu kwa kabila alikuwa Muzimba, mama yake Mubangubangu. Serikali iliona kanzu yake, ikamuandika Mwarabu.»

Bwana akatafakari, asione kasoro. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akapeleka habari mkoani kwa simu ya maandishi. Soko likabaki kungoja idhini tu.

Jibu lilifika siku ya tatu, na Atumani ndiye aliyelisoma kwa sauti: «Pongezi. Kwa kuwa sahihi yako imethibitisha kwamba Kasongo ni pwani, na kwa kuwa mtawala wa bara hana madaraka pwani, amri zako zote zimekufa kuanzia leo. Usitie sahihi, usisafiri, usiende likizo Ulaya, mpaka utakapopangwa upya.»

Atumani alifurahi, wala hakuona haya kufurahi. Kabla jua halijawa kali Amisa alikwisha fungua vikapu vyake sokoni, na watu walikuwa wakigombania samaki.

Ofisini, Bwana alikuwa amehamia kwenye benchi la wenye shida, kofia magotini, maana kiti kilikuwa cha mtawala wa bara.

«Atumani,» akauliza polepole, «hii ya kupangwa upya inachukua siku ngapi?»

Karani hatakiwi kudanganya. Atumani akafikiri kwanza.

«Siku sijui, Bwana. Mwaka wa 1912 babu alipeleka barua ya kusema yeye haiko Mwarabu. Tunangoja jibu.»