Majani ya Tumbaku Katika Chumba cha Kukaushia Nguo

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Wiki ya tatu sasa. Majani yangu ya tumbaku mia mbili na sabini yananing'inia bafuni. Leo Majvor ametoka kuoga na jani limemganda mgongoni. Ametoa amri: yatoke kabla ya wiki kwisha, la sivyo nitoke nayo. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mke hana maono hata ya kuazima!

Sixten wa ghorofa ya chini, ambaye kibustani chake kimepakana na changu kule nje ya mji, ana banda. Majani yake yamo humo tangu Agosti, yanageuka manjano taratibu. Akaniambia lete na yako, ndugu yangu, nafasi ipo. Ati tumbaku haina haraka. Ukiikausha mbio haiivi, na snus yake, ugoro ule wa kubandika mdomoni, utaitema. Mimi! Nikaanike kwenye banda la Sixten! Mtu ambaye donge la ugoro chini ya mdomo wa juu linamfanya aonekane ameumwa na nyuki. Nikamjibu asante, nina mpango wangu.

Sina mpango.

Jumanne, 10 Septemba

Ninao! Chumba cha kukaushia nguo, kule chini ya jengo. Kamba kumi na mbili, feni mbili kubwa, joto la jangwani. Na ufunguo uko kwa nani? Kwa Algot Rehnström, msimamizi wa chumba cha kufulia, mwaka wa kumi na moja. Wengine wote hutundika vikufuli vyao ubaoni kwenye saa wanayoitaka na kungoja zamu. Kanuni ya saba inasema chumba ni cha nguo tu. Naijua. Niliiandika mwenyewe, kwa ajili ya wajinga.

Lazima niwe mwangalifu lakini. Jumanne ijayo ni mkutano wa wakazi, na Bi Gunvor wa ghorofa ya tatu, mama kiherehere, anapitapita milangoni akisema ufunguo apewe Sixten. Sixten! Hajui hata kusafisha chujio la nyuzi. Wanipokonye vyote, lakini ufunguo ule hapana. Bila huo mimi ni mzee tu mwenye kikufuli.

Ili zamu isionekane yangu, nimetundika ubaoni kikufuli cha Valfrid wa namba kumi na mbili. Yuko Hispania. Majani mia moja, vibanio vya Majvor, joto hadi mwisho. Kwa muda wa saa nne tu yamekauka kau! Sixten anahitaji wiki sita. Nimecheka peke yangu kwenye ngazi.

Jumatano, 11 Septemba

Majani yamekauka, lakini ni ya kijani. Kijani kama mchicha. Nimeyasaga kwenye mashine ya kahawa ya Majvor, nikatia chumvi na maji, nikafunika, nikaweka kwenye oveni. Nyumba nzima ikanuka zizi. Nikabandika donge la kwanza mdomoni. Lo! Sasa najua ng'ombe anapata taabu gani. Bila shaka mbegu ni mbovu.

Jioni mlango ukagongwa. Bi Gunvor, macho mekundu. Jana, baada ya zamu ya "Valfrid", alianika gauni la ubatizo. Lilivaliwa na mama yake, na yeye, na binti yake. Jumapili ni zamu ya mjukuu. Sasa linanuka kilabu cha pombe, na mstari wa utomvu wa kahawia umepita kifuani kwa upana. Akaniuliza, Algot, mnyama gani kafanya hivi?

Nikamwambia nitamsaka. Nikakunja uso vizuri sana.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimebandika tangazo mlangoni mwa chumba cha kufulia. Katika miaka kumi na moja sijaandika kali kama hili. "Kwako wewe usiye na haya!" ndivyo linavyoanza. Mistari mitatu nimeipigia wino mwekundu. Wakazi wanne wamesimama kulisoma, mmoja akasema huyu Algot hana mchezo. Ukweli huo.

Sixten naye akaja. Akalisoma mara mbili, akanusa kamba, akasema polepole kwamba mpelelezi mzuri huanzia nyumbani kwake. Mshenzi. Bi Gunvor alikuwepo, basi nikasema kwa upole tu kwamba simtuhumu mtu, ila jengo zima linajua nani ana banda la tumbaku. Akamtazama Sixten kwa jicho! Kura zake zinayeyuka. Nimelala mchana kwa raha.

Ijumaa, 13 Septemba

Bado majani mia na sabini bafuni. Majvor hasemi nami, anahesabu siku tu. Nikafikiri: kwa kuwa mshukiwa ni Sixten, kikionekana kitu ni chake. Hesabu safi kabisa. Nikajaza kapu, nikafunika kwa shuka, nikashuka.

Bi Gunvor alikuwa mle ndani, kwenye kiti, anafuma soksi. Tangu saa moja asubuhi! Mtu mzima hana kazi? Akaniuliza ninaanika nini. Nguo za Valfrid, nikasema, namsaidia jirani. Akasema makubwa haya, Valfrid si yuko Hispania tangu Pasaka, nguo zake zimerudi kwa miguu? Halafu akainuka, akafunua shuka.

Sitaandika aliyoyasema. Mwanamke wa kanisani!

Jumapili, 15 Septemba

Ubatizo. Majvor amekwenda. Mimi nimebaki na mguu unaouma, tangu Majvor aliposema nisijaribu kukanyaga kule.

Amerudi na habari za kutapisha. Sixten alikesha na gauni lile, siki na limau, siki na limau, mpaka mstari ukawa kivuli tu. Mtoto amependeza. Bi Gunvor alimkumbatia Sixten mbele ya mchungaji. Baada ya hapo Sixten akamweleza mke wangu, huku kakamata kipande cha keki, kwamba majani yangu yaliuawa na joto kabla hayajageuka manjano. Na Majvor akafanya nini? Akayapeleka yote yaliyobaki bandani kwake! Kwa mkono wake, kwa kapu langu! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, nami nikadhani wanazungumzia kupe.

Jumanne, 17 Septemba

Mkutano. Kahawa baridi, mikate ya mdalasini ya juzi. Wanaomtaka Sixten: kumi na wanne. Wanaonitaka mimi: mmoja, na mkono niliuinua mwenyewe. Majvor alikaa kando yangu na akainua wake upande wa pili, bila hata kunitazama. Iliniuma, sitasema uongo.

Nikaweka ufunguo mezani kwa heshima. Hakuna aliyepiga makofi. Nje Sixten akanishika bega, akasema majani yangu yameanza kupendeza, manjano safi, nivumilie mpaka Novemba tu, mzee mwenzangu, tutasaga pamoja. Huruma ya Sixten! Afadhali ningetemewa mate.

Nimekaa jikoni, nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona. Joto halikutosha. Saa nne ni utoto. Zinatakiwa nane, na feni zote mbili. Alhamisi Sixten anakwenda kwa daktari wa meno, banda halina kufuli, nitayachukua majani yangu kabla hajayaharibu kabisa kwa uvivu wake.

Na chumba? Waliomba ufunguo, nimewapa ufunguo. Nina nakala mbili, hakuna aliyeuliza.