Mgeni wa Chumba Namba Tisa

Jumatatu, 15 Januari

Leo nimekosa samaki kwa mara ya nne mfululizo. Siandiki haya kwa hasira. Naandika kwa kumbukumbu.

Chumba namba tisa tunalala wanne. Orodha ya bweni inamtambua mmoja tu, kaka Dethié Faye, wa mwaka wa tano, mpishi wetu na mwenye ufunguo. Sisi wengine tumejibanza kwa hisani yake, na sheria yake ni moja: anayekula sinia la tisa ndiye wa tisa. Pika nasi, osha nasi, kula nasi, godoro lako lipo. Si sheria ngumu. Tatizo ni sinia lenyewe.

Mimi nasoma jiografia. Nimelichora sinia letu kwenye daftari, na ramani haidanganyi. Katikati samaki na mboga. Kaskazini anakaa Dethié, anayemega samaki na kutugawia. Ubavuni mwake Massamba Diop, ambako karoti zote huangukia, pamoja na nyanya chungu na lile tumbo la samaki lenye mafuta. Magharibi yupo Gora, ambaye haongei wala hatazami mtu mpaka sinia liishe. Kusini, karibu na mlango, mimi. Mkoa wangu ni kabichi. Na kuvuka mpaka hakuna. Unakula kilicho mbele yako, kama ulivyolelewa kwenu. Nimelelewa vizuri. Ndiyo maana nateseka.

Leo kaja Waly, binamu yake Dethié, kutoka Fatick. Kapata nafasi chuoni, hana pa kulala. Tumepika wali mwekundu na chewa. Nikashuhudia maajabu! Dethié anamega chewa, anamsukumia Waly. Massamba anakata karoti yake mwenyewe, anamsukumia Waly. Hata mimi mkono ulinitoroka, nikasukuma kipande cha muhogo. Waly anasema ameshiba. Wanamkatalia: hujala kitu, kula bwana, ukirudi kwenu utasema ulifikia kwa nani? Ukoko nao kapewa yeye. Wote!

Ndipo nilipoelewa. Miaka miwili nimekuwa mjinga. Kosa si mahali ninapokaa. Kosa ni kwamba mimi ni mwenyeji.

Jumanne, 16 Januari

Mpango umeanza. Bweni lina vyumba arobaini na karibu kila chumba kinapika. Ukipita mlango ulio wazi saa nane mchana lazima uitwe: njoo tule. Kutoita ni aibu. Kukataa ni aibu zaidi. Mtu mwenye akili anaweza kuishi humo katikati.

Nimeanza na chumba ishirini na moja, kwa Ansoumana na wenzake, watu wa Casamance. Nikapita mara moja. Hawakuniona. Nikapita mara ya pili nikikohoa. Mara ya tatu nikasimama mlangoni kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Ansoumana akaniita. Nikasema nimeshakula. Akasema uongo wako unaonekana shavuni, ingia. Nikasema basi nionje tu. Samaki wa kuchemsha na ndimu, mnofu wote umeelekezwa kwangu! Kila nikisema nimeshiba, wanaongeza. Nimeshiba mara tatu.

Jioni Massamba akauliza nilikuwa wapi mchana. Nikasema maktaba. Yeye wa ukoo wa Diop, mimi wa Ndiaye, watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo neno kama hilo hawezi kuliacha lipite. Kasimama juu ya kitanda akawatangazia: "Jamani, Ndiaye kaonekana maktaba saa ya wali! Aitwe daktari, huyu hayuko sawa!" Nikamjibu kwamba Diop akiulizwa maktaba iko wapi ataonyesha jikoni. Gora kacheka, jambo adimu. Dethié hakucheka. Kasema walinisubiri mpaka wali ukapoa.

Waly bado yupo. Kalala kwenye mkeka.

Jumatano, 17 Januari

Bweni la wasichana. Maguette tunasoma naye darasa moja. Nilikwenda kuazima ramani yake ya mvua, na ikatokea kwamba wanapakua. Bahati iliyoje! Wali kwa mchuzi wa karanga. Maguette kaniwekea mto nikalie. Mto! Mwenzake Yandé kanipa kijiko, eti mgeni asiungue vidole. Vipande vya nyama: vinne. Ramani nimeiacha palepale mkekani. Makusudi. Ni sababu ya kurudi.

Niliporudi chumbani nikamkuta Waly anasugua sufuria. Wiki hii zamu ni yangu. Nikaona ni kijana anayependa kazi, nikamwachia afurahi.

Alhamisi, 18 Januari

Nimerudi ishirini na moja. Safari hii sikuitwa. Nilipokelewa. Kumbe ni mambo mawili tofauti.

Ansoumana kaniona kwa mbali akapaza sauti: "Ngagne! Umekuja wakati wenyewe. Shika kisu." Ndoo nzima ya samaki wadogo wenye miiba, wanangoja kuondolewa magamba. Nimepaa samaki kwa saa nzima. Magamba yameingia kwenye nywele, masikioni, mpaka mfukoni. Nikamkumbusha kwa upole kwamba mimi ni mgeni. Kacheka mpaka akashika ukuta. Kasema mgeni ulikuwa juzi, leo wewe ni wetu, tena tumekupenda bure.

Wakaniweka karibu na mlango. Mbele yangu: kabichi. Nauliza, kabichi ilitoka wapi? Juzi chumba hiki hakikuwa na kabichi!

Jioni Dethié kaniita kando, kwenye kamba za kuanikia nguo. Kauliza kama kuna mtu aliyeniudhi. Nikasema hakuna, kaka, ni masomo tu. Kasema sawa, lakini kesho Ijumaa, tunapika vizuri, wote tule pamoja, usikose. Alisema kwa sauti ya upole sana. Nikajisikia vibaya, kweli nilijisikia vibaya, karibu nimwambie yote. Kisha nikakumbuka ramani ya mvua.

Ijumaa, 19 Januari

Baada ya sala nikaenda kwa Maguette moja kwa moja, na kanzu yangu nyeupe, pasi imenyooka. Nikabisha hodi. Nikataja ramani. Mto niliuona kwa macho yangu, ila Yandé alikuwa ameukalia.

Maguette kanikabidhi kinu na mchi. Kasema juzi nilikula nikaondoka bila kuaga, na wanaoondoka bila kuaga ni wadogo zake, na wadogo zake wote wanatwanga. Nikasema nimevaa kanzu. Kasema ndiyo, nzuri, nani kakupigia pasi? Nimetwanga kitunguu saumu, pilipili manga na pilipili mbichi. Ile mbichi imeniingia jichoni. Nikalifikicha jicho kwa mkono uleule. Yandé juu ya mto wangu: "Ngagne wee, twanga! Mbona unaubembeleza mchi kama mchumba?"

Nimepewa mkia wa samaki. Kanzu ina madoa ambayo hayana jina.

Nikakimbilia chumba cha tisa, maana saa ilikuwa bado haijapita sana. Sinia limeshaoshwa, limeegemezwa ukutani. Kwa kawaida asiyekuwepo anawekewa chake kwenye bakuli lenye kifuniko. Nimetafuta juu ya kabati, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi wa gesi. Hakuna bakuli.

Nikamwambia Massamba kwamba watu wa ukoo wake wanakula hata mifuniko. Hakunirudishia utani. Kanisalimia kwa adabu na kuuliza kama nyumbani wazima. Massamba! Sijapata kuona. Labda anaumwa.

Jumamosi, 20 Januari

Matembezi ya chumba kizima mjini. Kwanza nyama choma ya kondoo, kisha ufukweni, mpira na chai. Mpango wangu ulikuwa safi: nisifike nao. Nifike nyuma yao, wakiwa wameshakaa, ili wanipokee. Anayekuja amechelewa huinukiwa na kupishwa.

Nimejificha nyuma ya kibanda cha kuuza vocha mpaka nilipoona nyama inaletwa. Hapo ndipo elimu yangu iliponiangusha. Nyama ya kondoo haina mikoa. Inakatwakatwa, inamwagwa juu ya karatasi, na mkono mwepesi ndio unaokula. Mimi kutokea nyuma ya kibanda, kusafisha koo, kusema jamani poleni nimechelewa: karatasi ina vitunguu, haradali na mfupa mmoja ambao Gora alikuwa bado anaufikiria. Mwenye banda la nyama kanionea huruma, kanipa mkate nifutie haradali.

Ufukweni Waly kafunga mabao mawili, wakambeba. Kisha yeye ndiye aliyepika chai. Mpishi wa chai wa chumba cha tisa ni mimi, jambo hilo linajulikana. Chai yetu ni duru tatu: ya kwanza ilipita mbali nami, ya pili ikaishia kwa Gora. Nimepata ya tatu, ile nyepesi yenye sukari nyingi wanayopewa watoto.

Nimetafakari njia nzima. Ishirini na moja wana ndoo. Maguette ana kinu. Kesho narudi kwenye sinia langu, na kabichi yangu, na nitaila.

Jumapili, 21 Januari

Nimefika jikoni saa tano, kabla ya mtu yeyote kuniita, mikono ya shati nimeikunja, tayari kumenya karoti. Dethié kanipokea kisu taratibu. Kasema hapana, hapana, wewe kaa.

Nikakaa. Waly katandika mkeka mpya. Kaniletea maji, akanimiminia mikononi mwenyewe. Chakula kilipoiva wakaniketisha ubavuni mwa Dethié. Mahali pa Massamba! Chewa upande mzima mbele yangu. Karoti. Nyanya chungu. Tumbo la samaki. Nikasema nimeshiba, wakakataa kwa pamoja. Gora, ambaye haongei, kasema: "Kula, bado." Ukoko wote, mimi. Nikatokwa na machozi, nikasingizia pilipili. Nilijua tu kwamba wangekumbuka thamani yangu. Kusini, mbele ya kabichi, alikuwa Waly, anakula kwa raha zake.

Nikamtania Massamba: Diop, leo umemjua bwana wako! Kainamisha kichwa. Kasema asante kwa kututembelea.

Tukatazama mieleka kwenye televisheni ya jirani. Chai duru tatu, na zote tatu nimepewa wa kwanza. Jua lilipopungua, Dethié kasimama, wote wakasimama, wakasema wananisindikiza. Nikaona ni heshima kubwa, mtu kusindikizwa na wanne. Waly kabeba begi langu. Lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Gora kabeba ndoo yangu ya kuogea. Hapo nilipaswa kuuliza. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshiba.

Wamenifikisha getini, kisha mpaka barabarani. Dethié kasema niwasalimie sana nyumbani. Nikacheka. Nikamwambia kaka, nyumbani ni chumba cha tisa.

Kasema: "Ngagne, wiki nzima Waly kala nasi. Kaosha nasi, kachota maji nasi. Wewe tumekusubiri kila siku. Ijumaa tumekusubiri mpaka saa kumi. Magodoro ni manne." Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Kanipa mkono wa kushoto, ule anaopewa mtu anayekwenda safari ndefu, ili mrudi mkutane. Massamba naye kanipa wa kushoto, huku anatazama upande mwingine.

Nikasimama pale na ndoo mpaka walipopotea kwenye kona. Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: nimeumia sana.

Jumatatu, 22 Januari

Niko mjini kwa shangazi Oumy, dada mkubwa wa baba. Kanipokea kwa vigelegele. Kachinja kuku. Kanipa paja, firigisi na chumba cha mwanawe aliye Italia. Chumba kizima! Nikasema nimeshiba, akakaribia kuninunia.

Nimechunguza makosa yangu ya wiki iliyopita kwa utulivu, kama msomi. Kosa ni moja tu: kuhamahama. Leo huku, kesho kule, watu wanakosa muda wa kukuzoea. Mgeni anatakiwa atulie mahali pamoja.

Jumatano, 24 Januari

Jana samaki, mnofu mtupu. Leo maharage. Nafikiri shangazi anabadilisha ili nisichoke.

Asubuhi nimekuta ufagio umeegemezwa mlangoni mwa chumba changu. Nimeuruka.

Mchana kaniuliza narudi lini chuoni. Jioni kaniuliza tena, na safari hii kamwita na jirani asikie jibu. Maskini shangazi, anaogopa nitamwacha mapema. Nimemtoa wasiwasi: nimempeleka chumbani nikamwonyesha nguo zangu, zote nimeshazitundika kabatini.