Zamu za Kanisa Ni Kazi Yangu

Alhamisi, 4 Desemba
Nimetengeneza programu ya simu ya kupanga zamu za kanisa: nani anafagia, nani anapokea wageni. Sawa, akili mnemba ndiyo iliyoandika yote. Lakini ni mimi niliyeiomba! Tena kwa adabu. Mzee Wanyonyi anatafuta kijana wa kukaa na kompyuta katika ofisi ya kanisa. Nikikosa, Mama ameshaamua: Jumatatu ni soko la Muthurwa, kuuza viatu vya mitumba na Shangazi Phelister. Huko wateja huitwa kwa sauti. Mimi! Hata "amina" huwa nasema moyoni.

Ijumaa, 5 Desemba
Frankline wa ploti ya nyuma naye ana programu ya zamu. Inafanana na yangu hadi rangi ya vitufe. Mwizi! Nimeiomba mashine ile ile onyo kali la kisheria, nikatia jina langu, nikamtumia.
Jioni: Frankline naye amenitumia onyo. Maneno ni yale yale. Hana haya.

Jumapili, 7 Desemba
Tuliitwa mbele ya wazee wa kanisa kwa ugomvi wetu. Frankline akafungua msimbo, yale maandishi ya ndani ya programu yangu. Juu kabisa kuna jina, Zedekiah Mumo, na ombi kwamba anayetumia kazi hii asilifute. Nikafungua yake. Zedekiah! Mashine ilichota kwa mtu mmoja ikatugawia wawili. Mama Benta, mmoja wa wazee, akauliza huyo Zedekiah ni wa ushirika wa mtaa gani, mbona hafagii. Mzee Wanyonyi akasema, kumbe mnagombania mtoto ambaye mama yake yuko? Wakacheka. Ofisi tumeikosa sote. Laiti ningalilifuta lile jina mapema.

Jumatatu, 8 Desemba
Muthurwa. Sauti haikutoka. Shangazi akauliza kama viatu vitajiita vyenyewe. Nikaiomba mashine wito mtamu, nikauandika kwenye kadibodi. Kiema, muuzaji wa meza ya pili, akausoma kwa koo lake la tarumbeta. Wateja wote wakaenda kwake! Nikapiga kelele kwa mara ya kwanza maishani: mwizi! Soko zima likageuka. Watu wawili wakaokota mawe. Kiema akainua mikono juu: "Dada, hilo neno hapa linaua mtu! Nimeiba nini?" Nikasema, maneno yangu. Wakayaangusha mawe chini, wakanicheka mpaka Shangazi akajifunika uso kwa leso.
Wacheke tu. Kesho naandika jina langu chini ya ule wito, kwa herufi kubwa. Na onyo kwamba asilifute mtu.