Chai ya Askari wa Tumboni

4 Machi, Jumatatu
Zahanati. Kiuno inchi 44! Daktari kasema kitambi si mzigo wa kubeba tu. Mwilini mna askari, chembe nyeupe za damu, kazi yao kupigana na vijidudu. Sasa wamejazana kwenye mafuta yangu wakidhani kuna adui. Hayupo! Fujo zao zinawasha uvimbe wa ndani kwa ndani, mwili unashindwa kutumia chakula vizuri, kitambi kinazidi. Wengine wamefika kwenye kuta za mishipa ya moyo, wanameza mafuta mpaka wanafia humo humo, njia ya damu inaziba. Nirudi baada ya mwezi. Mke wangu alinisindikiza. Binti yetu ana mimba ya miezi saba. Nataka kumwona huyo mjukuu. Naogopa.

5 Machi, Jumanne
Nimeamka na jibu! Miaka ishirini nashona sare za walinzi. Askari nawajua mimi, si daktari. Askari akikukazia uso, mpe chai, atatulia. Basi! Vikombe vinne kwa siku, sukari vijiko vitatu, viende moja kwa moja waliko. Nimemwagiza Mama Chai wa kibanda cha jirani.

9 Machi, Jumamosi
Mke kaamua kunipima kila Jumamosi kwa tepu yangu ya kazini. 44 na nusu. Kanuna. Askari bado hawajakolea chai, nahitaji muda. Nimekata tepu katikati, nikaungia kipande cha inchi mbili kisicho na namba. Mshono hata mimi siuoni.

16 Machi, Jumamosi
42! Mke kapiga vigelegele, kampigia simu binti yetu, kafuta machozi. Nikaona aibu. Kidogo. Baadaye nilimkuta akinong'ona na Mama Chai, sijui umbea gani. Wiki hii pia nimewapima walinzi kumi na wawili wa ghala la mlimani. Suruali zinakwenda vizuri.

20 Machi, Jumatano
Balaa! Suruali zote zinabana. Mlinzi mmoja kachutama langoni, ikapasuka nyuma mbele ya malori. Viuno nilipima kwa tepu ile ile, kitambaa nikakata kwa rula ya mezani. Mke kachukua tepu, kapitisha kidole, kaukuta mshono. Nilingoja kelele. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, namdanganya yeye au moyo wangu. Bora angenirushia pasi. Akaitupa tepu kwenye pipa la vitambaa. Hukumu: nikazirekebishe na kuzirudisha mwenyewe, kwa miguu, mlima wote ule.

29 Machi, Ijumaa
Walinzi wana zamu, sipati zaidi ya mmoja kwa siku. Kila siku kupanda, kila siku kushuka. Siku ya kwanza nilikaa kupumzika mara tano. Jana mara moja. Suruali yangu inanishuka, mikanda ya siku hizi ni feki. Sukari nayo imechakachuliwa! Nimeagiza vijiko vinne, chai bado kama maji.

4 Aprili, Alhamisi
Daktari kapima kwa tepu yake mwenyewe: 42! Presha imeshuka. Kasema kutembea kunawatuliza wale askari, safari bado ndefu, nisiache. Mke kanishika mkono mbele za watu. Mjukuu nitamwona!

Daktari ni mtu mwema, ila hajashona hata sare moja. Ni chai! Nimeagiza vijiko vitano. Mama Chai kamkonyeza mke wangu, wakacheka. Wanawake.

Halafu nikawaza. Tepu yangu ilisema 42 karibu wiki tatu kabla ya daktari. Ilijua! Nimeiopoa kwenye pipa, nimeikunja vizuri, nimeitia mfukoni. Ghala limeagiza suruali nyingine ishirini, kwa kuwa za mwanzo nilizirekebisha bila kununa. Kesho naenda kupima.