Pini Saba Chini ya Haji Metwalli

Jumapili, 2 Novemba
Mshipa mkuu wa mume wangu Metwalli umevimba tumboni kama puto. Ukipasuka, basi tena! Daktari Nermin hatapasua tumbo. Atapenyeza waya kinenani, sumaku iliyo chini ya kitanda imwonyeshe kwenye skrini waya umefika wapi, kisha aache bomba la kitambaa ndani ya mshipa. Alhamisi. Nikalia, nikamlisha daktari kabichi zilizojazwa wali kwa mkono wangu. Wifi yangu Inshirahi akaja, akamwambia mgonjwa amenawiri, eti mashavu kama komamanga. Hakusema mashallah! Husuda tupu.

Jumanne, 4 Novemba
Kumkinga na kijicho, nilibandika pini saba zenye shanga za buluu chini ya godoro lake hapa hospitalini. Wanangu wote niliwabandikia uchangani, na wote wako hai. Leo wakaijaribu mashine ya sumaku, Metwalli kalala palepale. Balaa! Daktari akaniita: "Hajati, skrini inasema mshipa wa Haji uko kwapani." Nikamwambia ukoo wao wote ndivyo walivyo. Wakageuza godoro. Akanieleza kwa upole kwamba chuma kinaipotosha sumaku. Ikipotoka tena itabidi apasue tumbo zima, na moyo wa Haji hautahimili. Nikaapa sitabandika pini tena.

Jumatano, 5 Novemba
Niliapia pini. Ufunguo si pini. Ule wa chuma wa nyumba ya marehemu mama, nao hufukuza kijicho, nikaushonea ndani ya mto wake. Wifi kaniona! Kakimbia kunichongea, na goti lake lile linalouma siku za kufua tu. Daktari hakufoka. Aliketi sakafuni, kashika kichwa. "Mama, unampenda huyu mzee au unamtafutia kaburi?" Nililia mpaka akanipa leso yake.

Alhamisi, 6 Novemba
Wamenipekua mpaka nywele. Saa tatu nzima nimesimama mlangoni, mikono mitupu! Nimesoma kila dua niijuayo, mbili nikazitunga. Daktari akatoka anacheka: bomba limekaa, matundu mawili madogo tu. Metwalli alipozinduka akauliza kama Inshirahi kamaliza kabichi zake. Nikambusu kila kidole. Hata wifi nilimkumbatia.

Ijumaa, 7 Novemba
Daktari kasema mbele ya wifi: Haji kapona kwa sababu hakikuwepo chuma. Nimeelewa kabisa. Metwalli simbandiki kitu tena maishani. Lakini mashine! Korido nzima wanaisifia, wauguzi, wagonjwa, mpaka muuza chai, na hakuna hata mmoja asemaye mashallah. Itamaliza wiki kweli? Na kesho kuna baba wa watu anaitegemea, maskini. Nimepata kiatu cha farasi cha kuikinga na kijicho, kizito, chuma kitupu. Nimekifunga chini ya mashine kwa kamba. Hakuna aliyeniona.