Vyungu Vinne vya Beldia

Jumatatu, 7 Julai

Majani yameinama tena! Vyungu vyote vinne. Yamelala kama masikio ya punda aliyegombezwa. Nimemwagilia asubuhi, nimemwagilia adhuhuri, na bado. Basi alasiri nitamwagilia tena.

Bangi hii sikuipanda niivute. Kifua changu hakiwezi hata moshi wa jiko. Niliipanda kwa ajili ya Lalla Mimount, mjane wa nyumba ya pili, ambaye paa lake limepakana na letu. Majira ya baridi alimwambia shangazi yangu kwamba hapa Chefchaouen hakosi kitu, ila harufu ya bangi ya kwao Ketama ikinyeshewa mvua. Nikatafuta mbegu za beldia, ile ya asili ya mlimani kwao. Yeye hawezi kwenda mlimani, basi mlima utamfuata.

Tabu ni desturi. Baada ya alasiri mapaa ni ya wanawake na kamba zao za nguo. Mwanamume akipanda sharti akohoe ngazini, wajistiri. Nikakohoa. Mimount akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta: pita, Sidi Mfeddal. Sauti ile! Debe zima la maji nililimwaga viatuni.

Jumanne, 8 Julai

Shangazi Rahmouna ameuliza kikohozi gani hiki kisichoisha, na mbona hunishika ngazini tu. Kaninywesha maji ya majani ya zaatari, kikombe kizima. Machungu!

Hammadi, mwoka mikate wa tanuri la mtaa, naye anamtaka Mimount. Anawatangazia wateja kwamba nina kifua kikuu, wasishike mlango niliokwisha kuushika. Mtu mzima na ndevu zake!

Lakini hilo dogo. Shangazi kaleta habari mbaya: Ijumaa Azzouz, kaka yake Mimount, anakuja kumchukua arudi mlimani moja kwa moja. Anasema mwanamke asiye na mume anakaa mjini anamngoja nani? Asipoposwa kabla ya hapo, ndiyo basi tena.

Mpango: nipande paani mara nyingi zaidi. Maji hayakosi kisingizio.

Jumatano, 9 Julai

Leo amechungulia ukutani. Kaniuliza namwagilia mara ngapi kwa siku. Nikasema tano, kama sala. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Akanieleza kwamba beldia ni mtoto wa mvua. Kwao hupandwa mtelemkoni na hakuna anayeibebea ndoo. Jani lenye kiu huwa jepesi, kavu kama karatasi. Langu limeinama na huku limeshiba; mizizi inazama. Ninyanyue chungu, akasema. Kikiwa kizito nikiache, kikiwa chepesi ndipo nimwagilie.

Nikanyanyua. Kizito! Mgongo ukalia ko!

Nikamuuliza kwa unyonge: kwa hiyo nisipande tena huku paani?

Akasema, "Nimekwambia usimwagilie. Nani kakwambia usipande?"

Wanawake hawaeleweki. Sasa nipande mikono mitupu, nionekane mhuni?

Alhamisi, 10 Julai

Mgongo umegoma. Nimelala kifudifudi, Shangazi ananichua kwa mafuta ya zeituni na kunisimanga kwa wakati mmoja. Duka langu la ushonaji limefungwa. Vyungu havijapata hata tone.

Nimemkumbuka Mimount mpaka nimekosa hamu ya kula. Alasiri nilimsikia akikung'uta mashuka. Nikakohoa kitandani, sikujua kwa nini.

Hammadi katumia nafasi: kampelekea mkate wa anisi, wa moto. Mimount kampa Shangazi aniletee mimi, mkate wote, na asali juu yake. Nimefurahi sana. Kumbe hapendi anisi!

Ijumaa, 11 Julai

Yamesimama! Baada ya sala na kuskusi nilipanda ngazi kwa magoti, nikakuta majani yote yametazama juu. Mimount alikuwa akianua nguo. Akaegemea ukutani, akavuta harufu, machozi yakamlengalenga. Alisema ni kama yuko mlangoni kwa mama yake.

Kisha akasema, "Haya, Sidi Mfeddal. Majani yako yamesimama. Kesho utakuja na sababu gani?"

Akaongeza kwamba kaka yake amefika, yuko chini anakunywa chai, na ni mtu msikivu. Na mlango wao uko mtaani, si paani.

Nikamwambia naujua, ule wa buluu.

Akasema mtaa mzima milango ni ya buluu. Alikuwa anangoja kitu, niliona kabisa. Amenitaka sababu! Nikaliwahi debe, nikalimimina lote kwenye vyungu mbele yake, ajue kesho nitakuwa na kazi tele.

Akachukua kapu lake, akashuka.

Jumatatu, 14 Julai

Kamba zake ni tupu. Aliondoka Jumamosi kwenye gari la kaka yake. Shangazi hasemi nami. Anaziambia sufuria tu kwamba kuna watu huonyeshwa mlango, wao wakamwagilia vyungu.

Hammadi leo kanipa mkate usioungua, mara ya kwanza. Baadaye akanong'ona: Ijumaa jioni alibisha hodi kwa Azzouz kuposa. Mimount akakataa. Alisema anamngoja mwingine abishe, akakaa na viatu vyake miguuni, tayari kufungua mlango, mpaka chai ikapoa.

Nani huyo? Mjinga mwenye bahati yake! Ningemjua ningempeleka kwa kumkokota.

Majani yameinama tena. Nimenyanyua vyungu: vizito. Mimount angesema niviache. Lakini Mimount hayuko, na mimi najua kiu nikiiona.

Nimekohoa ngazini. Hakuna aliyesema pita. Nimepita, nimemwagilia.